Siku Niliyokuwa Redio ya Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na hilo ndilo lililoniponza. Ukweni kwangu, kule Embu upande wa Runyenjes, mtu wa fizikia ni mtu wa kila kitu chenye waya. Nimewahi kuitwa nitazame pasi, saa ya ukutani, pampu ya kunyunyizia kahawa dawa, na mara moja ng'ombe aliyepigwa na radi. Walitaka kujua kama bado ana stima ndani yake au wanaweza kumchinja. Niliwaambia wachinje. Sikujua lolote kuhusu jambo hilo, lakini nilikuwa na njaa, na mkwe mgeni hapendi kuonekana hajui.

Kwa hiyo mwaka ule wa mvua kubwa, ile iliyozoa madaraja, shemeji yangu alipotuma CD kutoka ng'ambo, hakuna aliyejiuliza ni nani ataipiga. Shemeji huyu ni dada mkubwa wa mke wangu. Alikuwa ameondoka nyumbani miaka saba nyuma kwenda kusomea uuguzi katika nchi ya baridi, akaahidi kurudi baada ya miaka mitatu. Huko alijiunga na kwaya ya kanisa, kwaya ikachanga ikarekodi CD, na wimbo wa nne aliuongoza yeye. Kifurushi kilikuja kwenye sanduku letu la posta mjini Meru. Mimi na mke wangu tulikuwa tukifundisha huko na tumepanga vyumba viwili Majengo, nyuma ya bucha.

Ndani mlikuwa na CD moja na barua mbili. Barua ya wazazi ilijaa salamu na mistari ya Biblia. Barua ya mke wangu ilisema mambo mengine: kwamba amepata makaratasi ya kukaa, ameolewa na mtu wa huko, wamenunua nyumba, na hatarudi tena ila kutembea, na huko kutembea hajui ni lini. "Mwambieni Mama polepole," aliandika. "Nyinyi mnajua njia."

Hatukujua njia yoyote. Kila Jumamosi mama mkwe alikuwa akitandua kitanda cha yule binti, akifua shuka, akizianika, akizirudisha. Miaka saba shuka zinafuliwa na hakuna mtu aliyezilalia. Kila aliyetoka mjini aliulizwa kama amesikia mtoto atarudi lini, hata karani wa kiwanda cha kahawa, hata mtu wa kusoma mita ya stima. Siku moja alikwenda posta ya Embu kupigiwa simu. Alipanga foleni tangu asubuhi, na simu ilipofika alisikia "Haloo, haloo" ya sauti yake mwenyewe ikimrudia, kisha ikakatika. Alirudi nyumbani akasema ameongea na mama mmoja mwenye adabu sana, lakini si mtoto wake.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane na daktari alikuwa amemkataza safari. "Utaenda wewe," akaniambia. "Mpigie Mama huo wimbo asikie sauti ya mtoto wake. Lakini ya barua usiguse. Hiyo nitamwambia mwenyewe, nikishajifungua, mjukuu akiwa mikononi mwake."

"Hata nikitaka kuigusa nitaigusaje?" nikamuuliza. "Mimi na mama yako hatuongei."

Hapo lazima nieleze, maana msomaji asiyetoka kwetu atadhani tuligombana. Sisi Wameru tunaiita nthoni, na Waembu vilevile: ile heshima iliyochanganyika na haya kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hamkai chumba kimoja. Hamtazamani. Hamsemezani uso kwa uso. Miaka hiyo wengi walikuwa wameshaitupa, hasa waliookoka, na mama mkwe alikuwa ameokoka kuliko wengi, kiongozi wa akina mama kanisani. Lakini yeye alisema wokovu ni wa roho na nthoni ni ya macho. Siku ya harusi yetu alikaa kanisani amefungua mwavuli kati yake na mimi, na mchungaji akatuhubiria sote, mwavuli ukiwemo.

Nilipowatembelea, mimi nilikaa sebuleni na yeye akakaa jikoni, ambako ni jengo la peke yake hatua kumi hivi kutoka nyumba kubwa, dirisha likitazamana na dirisha. Nikitaka kwenda chooni nilikohoa mara tatu, naye akajifungia ndani mpaka nikohoe tena nikirudi. Kuna Krismasi moja nilikwenda nikiwa na mafua, na mama wa watu alishinda amejifungia kutwa nzima.

Akiwa na neno kwangu, alimwambia kuku. Palikuwa na kuku aliyeatamia mayai nyuma ya mlango wa jikoni, na ungesikia, "Wewe kuku, huyo mgeni chai yake inapoa." Mimi nami ningeutazama ukuta na kusema kwa sauti, "Mzee, chai ya hapa haina mfano." Lakini neno lolote la maana lilibebwa na baba mkwe. Hata kama lilisemwa kwa sauti ya kuamsha kijiji, halikuwa limefika mpaka mzee atembee hatua kumi kwenda na hatua kumi kurudi, alilete mwenyewe, na aliseme kwa Kiswahili. Kimeru na Kiembu ni ndugu na tungeelewana bila shida, ila yeye alishikilia kwamba mkwe ni mgeni, na mgeni husemeshwa Kiswahili. Sasa, mzee alikuwa na tabia moja. Neno likiwa mikononi mwake, njiani alilirekebisha kidogo, alivyoona yeye inafaa.

Basi Jumamosi moja nikaenda. Kwa mwalimu mwenzangu niliazima pleya ya CD, kitu bapa cha kutosha kiganjani, chenye betri mbili na vile vya kutia masikioni. Kabla ya kuondoka nilipita kwa fundi wa redio pale Majengo, mzee wa miwani aliyeshinda amezungukwa na matumbo ya redio za watu. Nilimweleza kwamba baba mkwe wangu ana redio ya kabati na huenda akataka CD isikike humo. Alifikiri, akapiga chafya, akaniambia nyuma ya redio kama hizo kuna vitundu viwili. Nikate waya wa vile vya masikioni, nivue plastiki, nichomeke shaba kwenye vitundu, nikaze kwa njiti za kiberiti. "Lakini usikate kama hujalazimika," akasema. "Ukishakata, umekata."

Hiyo redio ya kabati ilikuwa mfalme wa ile nyumba. Mbao zake zilikuwa nyekundu na zinang'aa, miguu minne, upana wa kitanda cha mtoto. Ukifunua juu kulikuwa na sahani ya santuri, na ndani mlikuwa na taa za kioo zilizowaka polepole kama mkaa. Mzee aliinunua kwa mzungu mmoja wa kahawa aliyekuwa akifunga virago mwaka wa uhuru, akaileta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mpaka leo wako wazee wanaosimulia huo mkokoteni. Watu wote walijua ni redio ya mzee. Mimi ilinichukua miaka miwili kugundua kwamba mzee hakujua kuiwasha. Aliyejua ni mama mkwe. Unawasha, unahesabu mpaka mia, halafu unapiga kofi ubavu wa kulia, si kwa hasira, kama unavyomwamsha mtu unayempenda. Ndipo inasema. Ikinyamaza, kofi tena. Kazi ya mzee ilikuwa kukaa mbele yake na kusema, "Ngojeni, inapata moto."

Nilifika saa sita mchana. Shuka za yule binti zilikuwa kwenye kamba, nyeupe. Nilikohoa, mlango wa jikoni ukafungwa, nikaingia sebuleni. Mzee alinisalimia, akaniuliza habari za mimba kana kwamba ni ya shamba, kisha akataka barua. Nilimsomea kwa sauti ili na huko jikoni isikike. Salamu, mistari ya Biblia, salamu tena. Mwishoni, kabla sijajizuia, nikasoma na ule mstari wa mwisho: "Mengine nimemwandikia mdogo wangu, atawaambia." Jikoni sufuria ilianguka. Mimi nikakunja barua haraka na kutoa pleya mfukoni, nikaanza kueleza mambo ya miale ya mwanga ambayo hakuna aliyeniuliza.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nimpe mzee pleya, aipeleke jikoni, mama atie vile vitu masikioni, mzee abonyeze wimbo wa nne, basi. Mzee aliishika ile pleya kwa vidole viwili.

"Hii ndio nini?"

"Ndiyo inayopiga, mzee. Mama anatia hivi kwa masikio, anasikia."

"Peke yake?"

"Anasikia yeye, halafu wewe unasikia."

Mzee alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "mimi sauti ya mtoto yangu haiwezi ingia kwa masikio moja moja kama dawa ya usaha. Hii nyumba iko na redio. Mtoto amekaa huko miaka saba, akija aje kwa redio, watu wote wasikie."

Nikamwambia itabidi nikate waya, na nikikata, vya masikioni vimekufa. Na pale pale, kutoka dirisha la jikoni, nilisikia sauti ya mama mkwe, wazi kabisa, kila neno likiwa zima: "Wewe kuku, mwambie huyo mgeni asikate kitu. Mimi nitasikia tu na hiyo ya masikio."

Nilisikia. Naapa nilisikia, na mzee alisikia, na kuku naye alisikia. Lakini neno lilikuwa bado halijafika. Mzee akainuka, akachukua fimbo yake, akatembea hatua kumi. Nikamsikia jikoni akiuliza, na mama akirudia yale yale. Akatembea hatua kumi kurudi, akaketi, akapumua.

"Mama anasema ukate," akasema.

Ningefanya nini? Ningemwambia mzee wa watu, nyumbani kwake, kwamba anasema uongo? Na kumwambia hivyo ningekuwa nakiri kwamba nimekuwa nikimsikiliza mama mkwe moja kwa moja, jambo ambalo ni aibu kubwa kuliko uongo wenyewe. Nilichukua wembe nikakata. Nina shahada ya chuo kikuu, na nilikata.

Tukavuta kabati kutoka ukutani. Huko nyuma kulikuwa na vumbi la utawala wa kikoloni na vitundu viwili, kweli kama alivyosema fundi, ila vilikuwa vimelegea kiasi kwamba njiti za kiberiti zilianguka ndani zikapotea. Nikajaribu mbao nyembamba. Nikajaribu nta ya mshumaa. Mzee akapendekeza ugali, nao tukaujaribu, nami ndiye niliyewafundisha watoto wa watu kwamba ugali haupitishi umeme vizuri. Tulipowasha, tukahesabu mia, na mzee akapiga kofi baada ya kuelekezwa na kuku, kilichotoka ni mngurumo tu, mkubwa, kama nzi elfu ndani ya debe.

"Huko ni baridi," mzee akasema baada ya kusikiliza. "Hiyo ni upepo."

Nilikasirika. Nikaushika ule waya kwa vidole, nikaukandamiza kwenye chuma, na papo hapo mngurumo ukafa. Mahali pake akatoka shemeji yangu. Sauti ilijaa sebule nzima, nzito na ya joto, sijawahi kusikia CD ikisikika hivyo tangu siku hiyo. Nikaachia kwa mshangao, nzi wakarudi. Nikashika, shemeji akarudi. Nilielewa mara moja, maana hiyo kweli ni fizikia: mwili wangu ulikuwa unaupitisha mngurumo kwenda ardhini. Redio ilihitaji mtu. Bila mtu kuushika waya, hakuna wimbo.

Mzee akajaribu kushika yeye. Mikono yake ilikuwa na tetemeko la uzee, na kwenye spika kukatoka ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta. Alisikiliza, akatabasamu, akasema kwaya ya huko inajua kupiga ngoma.

Wakati huo huo mvua ikaanguka. Nilimwona mama mkwe kwa pembe ya jicho, Mungu anisamehe, akikimbilia kamba kuziokoa shuka, kisha nikageuza uso ukutani. Jikoni hakukuwa na dari, mabati matupu, na mvua ile ilipiga mabati mpaka mtu hakusikia mawazo yake. Sebuleni kulikuwa na dari, kwa hiyo palikuwa na utulivu wa kadiri. Hesabu ikawa hivi. Asikie wimbo, lazima aje sebuleni. Aje sebuleni, lazima mimi nitoke. Nikitoka, wimbo hakuna. Na vile vya masikioni nilikuwa nimeviua kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilitaka kulia. Sisemi kwa mfano. Miaka saba mwanamke huyu hajasikia sauti ya mtoto wake, imemfikia umbali wa hatua kumi, na kinachoizuia ni mimi, si bahari wala simu ya posta. Nilimwambia mzee aende amwambie kwamba nimeshindwa. Mzee akaenda na mwavuli. Sijui alimwambia nini njiani. Aliporudi alikuwa amebeba shuka moja ya yule binti, mbichi upande mmoja.

"Mama anasema hivi," akasema. "Mtu akifunikwa, hayuko."

Safari hii nadhani hakurekebisha kitu.

Nikapiga magoti nyuma ya kabati, ubavuni kidogo, pleya mapajani, waya vidoleni. Mzee akanifunika gubigubi. Akarudi nyuma akatazama, akaona redio haina heshima ikiwa hivyo. Juu ya shuka akatandaza kitambaa kikubwa cha maua alichofuma mama mkwe, ambacho siku zote kilikaa juu ya redio. Na juu ya kitambaa, yaani juu ya mgongo wangu, akaweka chombo cha maua ya plastiki. "Usitingishike," akaniambia. Kisha akaita, "Kuja! Hakuna mtu hapa."

Nilisikia hatua zake. Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia harufu ya moshi wa kuni na sabuni ya kipande. Sikuwahi kuwa karibu naye hivyo maishani.

Nikabonyeza wimbo wa nne.

Kabla ya wimbo yule binti alisema maneno machache, kwa Kiswahili, taratibu: "Huu ni wa mama yangu, yuko Embu. Mama, hii sauti ni yako, mimi niliondoka nayo tu." Halafu akaanza kuimba. Katikati ya wimbo redio ikanyamaza kama kawaida yake, na nikasikia mama mkwe akiinuka. Kofi likaja. Lilikusudiwa ubavu wa kulia wa kabati likatua begani kwangu, na cha ajabu redio ikasema. Maua ya plastiki yakayumba.

"Pole, redio," akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Redio ile ilikuwa imesema Kiswahili tangu inunuliwe, kwa hiyo naye aliisemesha Kiswahili. Wimbo ulipoisha akasema, "Redio, rudia." Nikarudia. Akasema, "Redio, tena." Mara ya tatu alianza kuimba pamoja nayo, chinichini, na hapo nikajua kwamba binti hakuwa ametudanganya, sauti zilikuwa moja. Mara ya nne nikasikia mzee anakoroma. Magoti yangu yalikuwa yamekufa na machozi yalikuwa yakinitiririka puani, nami sikuwa na mkono wa kuyafuta.

"Redio, umekula?"

Nikanyamaza. Tumbo langu halikunyamaza.

"Hujakula," akasema. Mvua ilikuwa imepungua. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, na kiti kilikuwa kimesogea karibu.

"Redio, wewe umetoka Meru."

Redio haikuwa imewahi kufika Meru.

"Barua zilikuwa mbili. Hii ya sisi nimesikia, imejaa Mungu. Ile ingine iko na maneno. Wewe umeisoma. Mimi sitaki kungoja mtoto azaliwe ndio niambiwe na mtu ananishika mkono. Niambie, redio. Huyu msichana atarudi?"

Nilikuwa nimemwahidi mke wangu. Nilikuwa nimefungwa na nthoni pia, ambayo haikuniruhusu kumjibu hata kama ningetaka. Na ukweli ni kwamba hayo yote yalikuwa visingizio, niliogopa tu. Niliona haya, na si haya ya ukwe. Sikujua la kufanya, nikabonyeza wimbo. Binti akasema maneno yake tena, akaimba tena, mwanzo mpaka mwisho. Mama mkwe aliusikiliza wote, mpaka ukaisha.

"Hiyo sikuuliza," akasema.

Hapo vidole vyangu vikaachia waya. Ningependa kusema niliachia kwa makusudi, kwa busara fulani. Havikuwa na nguvu tena, basi. Mngurumo ukajaa nyumba, ule upepo wa mzee, na mimi sikuushika tena. Nilikaa chini ya shuka ya mtoto wake nikiuacha ungurume. Naye aliusikiliza kama alivyousikiliza wimbo, kwa muda mrefu sana.

"Haya," akasema mwishowe. "Nimesikia."

Kwa mkono wake mwenyewe akaizima redio. Akatoka. Nilidhani amekwenda moja kwa moja, lakini baada ya kitambo hatua zikarudi, na sahani ikawekwa sakafuni karibu na goti langu. Harufu ya mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa, pamoja na nyama, ikaingia chini ya shuka.

"Redio ikule ishibe," akasema. "Na hiyo shuka isirudishwe kwa kitanda. Iende Meru. Ikatwe, ifunikwe mtoto anakuja."

Nilikula nikiwa mle mle chini, maua ya plastiki yakiwa bado mgongoni, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nitoke. Mukimo ulikuwa na chumvi nyingi, na nyingine ilikuwa yangu. Nilipomaliza, mzee akaamka.

"Imeisha?"

"Imeisha, mzee."

Akanifunua, akanitazama usoni, kisha akatazama dirisha la jikoni, ambako hakukuwa na sauti yoyote, hata ya kuku.

"Mama amesema nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile mimi kuwa ndiye mwenye neno mkononi. Nilikunja shuka mara nne, nikaikumbatia kifuani.

"Amesema redio yako ni nzuri," nikamwambia.

Mzee aliipapasa ubavu, ule wa kushoto, usio wa kofi. "Hiyo nilimwambia tangu siku ya mkokoteni," akasema.

Nikachukua ile pleya ya kuazima, iliyokufa masikio, nikasimama mlangoni na shuka kwapani, nikakohoa mara tatu. Jikoni hakuna aliyefunga mlango.